Pua ya Injini

Nyigu aliingia tena chini ya gari la Baba, na donge la udongo mdomoni. Hapo ndipo nilipojua.

"Baba, hebu toka huko chini kidogo."

"Niache, mwanangu. Mama yako kasema likidondosha oili leo, kesho linakwenda kwa watu wa vyuma chakavu."

Lilikuwa gari la mbio la viti viwili, la zamani kuliko mimi. Baba alikwisha kulibadilishia gasketi na sili zote za kuzuia oili, na bado lilivuja.

Nikapenyeza waya kwenye bomba la kupumulia la injini. Likachomoka pande la udongo mkavu la kiota cha nyigu, nene kama kidole gumba.

Baba alilitazama, akacheka mpaka akashika bampa. "Kumbe limezibwa pua! Pumzi ikikosa njia, si lazima iisukume oili nje?"

Mama akaja na shuka jeupe alilolianua sasa hivi kambani, akalitandika chini ya injini. "Haya, washeni. Maneno matupu hayavunji mfupa."

Nikapanda, nikawasha. Likanguruma. Baba kapiga magoti, hathubutu hata kupangusa jasho.

Mama akalivuta shuka, akaligeuza huku na huku juani. Jeupe vilevile.

Akafungua mlango wa pili, akaketi, akajitanda lile shuka kichwani.

"Dereva yuko wapi? Au linapumua tu, haliendi?"

Baba akaanza kutafuta kiatu chake cha pili. Mimi nikateremka, nikakimbia kufungua geti.