Dole la Jirani

Kila Jumamosi asubuhi Tusajigwe alivuka ua kwenda kwa jirani yake Subilaga, kumsikiliza Lusajo, mwanawe wa kumzaa, akiongea na mama mwingine.

Ndiyo ilikuwa sheria: ukikataa kutia dole kukubali kodi ya vita, mitambo ya jeshi haipokei sauti, sura wala kifurushi chako. Tusajigwe alikataa katakata. Vita vile viliamuliwa na watu ambao hawakupeleka huko mtoto hata mmoja. Lakini walio vitani walikuwa watoto wa watu kama yeye, na baridi ya huko haijali msimamo wa mtu. Basi sweta alilifuma yeye, karanga alizikaanga yeye, na kifurushi kikaenda kwa jina la Subilaga, aliyetia dole bila hata kusoma.

"Sweta limenikaa sawasawa, mama!" alisema Lusajo, uso wake wa mwanga ukielea juu ya meza.

"Ah, kitu kidogo tu, mwanangu," alijibu Subilaga, akikwepa macho ya mwenzake.

Kitu kidogo! Tusajigwe aliona wivu. Mwezi mzima alikuwa amefuma, akifumua na kuanza upya.

"Na Mama Lusajo hajambo?" aliuliza kijana.

Tusajigwe aliduwaa. Hilo lilikuwa jina aliloitwa na majirani, si na mwanawe.

"Hajambo, baba," alijibu Subilaga.

Uso ukazimika. "Anakusalimu," alisema Subilaga, akimgeukia mwenzake.

Tusajigwe alikuwa ameficha mkono ndani ya kanga, dole gumba alilokataa kulitia likimwasha.