Busu la Mgongo wa Mkono

Irmgard aliinua mkono wake wa kushoto hadi mdomoni, akasubiri zamu yake. Kwenye studio ile ya Berlin, kila mlio wa opereta ya redio, mchezo ule wa kuimbwa, aliutengeneza yeye: mvua, kwato za farasi, milango iliyofungwa kwa kimlango cha mbao kilichosimama peke yake katikati ya chumba. Hata busu lilikuwa lake. Waimbaji waliimba mapenzi, yeye akabusu mgongo wa mkono wake mbele ya kipaza sauti.

"Wivu wa nini, mpenzi?" mchumba wake, mwimbaji mkuu, alimtania asubuhi ile. "Mimi pale naimba tu. Anayebusu ni wewe."

Sasa taa nyekundu ilikuwa inawaka na nchi nzima inasikiliza. Wimbo wa wapendanao ukaisha, fidla zikanyamaza.

Busu likasikika kabla midomo yake haijagusa mkono.

Akageuka. Mchumba wake na mwimbaji wa kike aliyeimba naye walikuwa wamekumbatiana, wamefumba macho, hawana haraka, kama watu waliozoeana siku nyingi. Mkono wa Irmgard ulibaki hewani, pete ya uchumba imeingia ukungu kwa pumzi yake.

Taa ile ikiwaka hakuna aliyeruhusiwa kusema neno. Kiongozi wa muziki akamwelekezea fimbo: zamu ya kengele za harusi.

Irmgard akazitazama kengele. Kisha akakiendea kimlango, akakifungua taratibu, akakibamiza kwa nguvu zake zote.