Jembe Kibanjani

Tangu asubuhi nagonga jembe, na kibanja chetu kinalia kama sufuria. Binti yangu Koku kajifungua jana. Kondo la nyuma limo kwenye ndoo, nimelifunika kwa jani la mgomba nililoomba ng'ambo ya mto. Kwetu kondo la mtoto huzikwa chini ya mgomba wa nyumbani. Sasa mgomba uko wapi?

Dawa ya barabara tuliishangilia, sikatai. Mafundi waliichanganya na udongo, ukawa mgumu kama jiwe, malori yakapita masika yote bila kukwama. Kisha dawa ikaanza kutembea yenyewe chini kwa chini, ikaingia uani, ikaingia kibanjani, udongo ukawa jiwe, migomba ikakauka yote.

Nikampigia simu bwana wa barabara.

"Mama, hiyo ni faida," akasema. "Hutakanyaga tope tena."

"Na kondo la mjukuu wangu nizike wapi?"

"Lipeleke hospitali wakalichome."

"Ukachomwe wewe!" Nikakata simu.

Nikainua jembe tena kwa hasira. Mpini ukavunjika. Nikaketi pale pale nikatukana mpaka matusi yakaniishia.

Dirisha lilikuwa wazi. Mume wangu, ambaye hajainuka kitandani tangu mvua zilipokatika, alikuwa amesikia kila pigo.

"Mama Koku," akaita taratibu, "umepata shimo?"

"Bado, Baba Koku."

"Kashimo ka kondo kamekushinda," akasema. "Langu je?"