Mke Mdogo wa Bondeni

Tangu sheria iwape wanaume wote wenye ndoa kipande cha kinamasi wakitunze kisikauke, Rwechungura hakuwa tena wa Kemilembe peke yake. Mkononi alivaa bangili iliyomletea pumzi za kipande chake. Mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi, ikiwa na maji, bangili ilimpapasa polepole. Mboji ikianza kukauka na kuachia hewa ya ukaa iliyofungiwa humo maelfu ya miaka, bangili ilimtetemesha, naye aliacha chai mezani akakimbilia bondeni.

"Mke mwenzangu anakuita," Kemilembe alimwambia. "Nenda, baba. Mimi nani?"

Wivu ulipomzidi, alibeba jembe, akashuka bondeni, akachimba mfereji. Maji yote yakakimbilia mtoni.

Rwechungura alirudi na tope hadi kiunoni, analia kwa sauti. Hata mama yake alipofariki hakulia hivyo.

Kwa sheria, aliyekausha ndiye hukabidhiwa kipande akifufue. Bwana shamba alikuja, akaivua bangili mkononi mwa mume akamvisha mke. Kemilembe alimtukana hadi akatoka uani.

Mvua mbili zikapita. Asubuhi moja, wakinywa chai, Rwechungura alikuwa akimsimulia habari za barua ya binti yao.

"Unanisikia, mama Koku?"

Kemilembe alikuwa amefumba macho, bangili ameiegemeza shavuni.

"Hebu nyamaza kidogo," alinong'ona. "Anapumua."

Rwechungura alimtazama. Kisha akalitazama jembe nyuma ya mlango.