Ndugu wa Mgonjwa

Asubuhi hiyo Sikudhani, mfagiaji wa soko, alikuwa anafagia mbele ya vibanda vya viatu, pale Mbwana anapolala juu ya maboksi. Tangu amkute hapo miaka miwili iliyopita, alikuwa akimbembeleza waende hospitali ya wagonjwa wa akili, na kila siku Mbwana alimjibu kwa matusi. Leo alisema mwenyewe, "Dada, nipeleke. Huu unga wa kulevya umenichosha, na hizi sauti kichwani ndiyo kabisa."

Sikudhani aliegemeza ufagio ukutani. Kesho mtu huyu anaweza kukataa.

Kule mapokezi ya hospitali, karani hakuinua hata kichwa. "Matibabu ni bure, mama, ila hatulazi mtu asiye na ndugu. Ndugu yake yuko wapi?"

"Ni mimi."

Karani akamtazama yeye, akamtazama na Mbwana. "Mbona hamfanani?"

"Kwani vidole vyako mwenyewe vinafanana?"

Mbwana akacheka. Karani akamsukumia fomu, na Sikudhani akaandika jina lake polepole, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wa ndugu.

"Ukitoroka watanitafuta mimi," akamwambia Mbwana.

"Basi sitoroki."

Kabla nesi hajampeleka kuoga, Mbwana aligeuka akataja namba ya simu ya kaka yake. Umri wake alikuwa ameusahau, lakini namba hiyo aliitaja bila kukwama.

Sikudhani akamwandikia huyo kaka kwenye simu yake: "Mbwana kalazwa leo. Kakubali mwenyewe. Njoo umwone."

Akatuma, akakaa kwenye benchi. Simu ikaonyesha ujumbe umesomwa. Jibu halikuja, na kule bafuni maji yalikuwa bado yanamwagika. Sikudhani akabaki pale kwenye benchi kumngoja Mbwana.