Siku ya Tatu

"Kiharusi kilianza saa ngapi, mama?" daktari aliniuliza. "Dawa tunayoifanyia utafiti inayeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, lakini zikipita saa nne na nusu haifai tena."

Shemeji yangu Dionis alikuwa kitandani, mdomo umekwenda upande. Mkono wake mzima uling'ang'ania kanga yangu.

Nilikuwepo alipoanguka. Alikuja kunifukuza kwenye nyumba ya marehemu mume wangu, nami nikampa chai. Kengele ya misa ya pili ikalia, kikombe kikamponyoka. Hata saa mbili hazijapita.

Mwaka juzi mume wangu alianguka vivyo hivyo. Nililia tumlete hapa hospitali. Dionis akasema karogwa, akampakia kwenye treni ya Kaliua, kwa mganga. Siku ya tatu nikaletewa maiti, na palepale msibani akatangaza kuwa mchawi ni mimi.

Sasa alinikodolea macho. Alikuwa anasikia kila neno; ulimi ndio uliogoma.

"Mama?"

Nilivibandua vidole vyake kwenye kanga, kimoja kimoja.

"Leo siku ya tatu, daktari," nikasema. "Tulimpeleka kwanza kwa mganga."