Tumbo la Mwalimu

Mwanafunzi wa tano wa udaktari, binti, alisugua viganja vyake, akavipuliza, ndipo akamgusa mzee tumboni. Wanne waliomtangulia walikuwa na mikono ya barafu, na wote walisema tumbo ni salama.

Mzee akatabasamu. Madaktari wengi wa wodi hii aliwafundisha yeye kupasha mikono moto, tena kwa ukali, hadi wakambandika jina la Pilipili. Leo yeye ndiye mgonjwa.

Vidole vya binti vilipanda polepole chini ya mbavu za kulia. Vikasimama. Vikarudi. Binti akamgeukia daktari aliyewaleta.

"Mwache huyo," mzee akasema. "Tumbo ni langu. Umegusa nini?"

"Ini, mzee. Ni kubwa, gumu... lina vinundu."

Vinundu hivyo mzee alishavipapasa mwenyewe, akavinyamazia aone nani atavigundua. Kifua kikamjaa fahari.

"Umepatia, mwanangu! Sasa vuta kiti, uniambie maana yake. Na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Binti akavuta kiti. Kabla ya kusema neno, akavisugua tena viganja vyake.